Fedha Kidogo ya Sauti ya Gari Ianzie Mlangoni

Mtu anapochoshwa na sauti ya gari lake, kitu cha kwanza anachokitazama ni redio, kwa kuwa ndiyo iliyo mbele ya macho yake. Anaona dukani kioo kipana kinachong'aa, anakilinganisha na redio ya kiwandani ambayo maandishi ya vitufe vyake yameshafutika, na fedha yote aliyodunduliza inaishia kwenye dashibodi. Kisha anawasha muziki na kukuta besi ni ileile hafifu, sauti ya mwimbaji bado imefunikwa, na akiongeza kidogo tu mlango unatetemeka kama zamani. Mdogo wangu aliponiambia kwamba ameiona redio ya namna hiyo na yuko tayari kuinunua, nilimwomba kwanza agonge bati la mlango wa gari lake kwa kiungo cha kidole na asikilize. Liliitika kama debe tupu. "Hapo ndipo pa kuanzia, mdogo wangu," nilimwambia, na msimamo huo sijaubadilisha: fedha ikiwa kidogo, itumike kwanza kwenye milango miwili ya mbele.

Sababu ya kwanza ni umeme wenyewe. Injini inapowaka, umeme wa gari huwa volti 14 na kitu, tuseme 14.4. Amplifaya, yaani kikuza sauti, iliyo ndani ya redio, iwe ya kiwandani au ya dukani, kwa kawaida ni kipande kimoja kidogo kilichobanwa kwenye bati la kupozea joto nyuma ya redio, na hakina uwezo wa kuzidisha volti hizo. Ukipiga hesabu kwa spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), hata kama hakuna kinachopotea njiani, huwezi kuvuka wati 26 za sauti safi, na kwa hali halisi kila spika hupata kati ya wati 15 na 20. Kwa hiyo "wati 50 mara 4" zinazoandikwa kwenye boksi ni kilele cha muda mfupi tu, tena sauti ikiwa imeshaanza kukwaruza. Unapoitoa redio ya kiwandani iliyo nzima na kuweka mpya ya bei nafuu, nguvu inayofika kwenye spika hubaki karibu ileile.

Zipo hali ambazo redio inastahili kubadilishwa, nami sizikatai. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, kwa mfano, mengi huja na redio inayopokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali sehemu kubwa ya dunia hutumia 87.5 hadi 108; redio ya namna hiyo nje ya Japani huwa haina kazi kubwa. Ukilazimika kununua nyingine, pima kwanza tundu la dashibodi. Kipimo kilichozoeleka ni milimita 180 kwa 50, au 180 kwa 100 kwa zile za urefu maradufu, lakini magari mengi ya Toyota yana nafasi yenye upana wa milimita 200, na redio ya 180 ikiwekwa humo huacha pengo pembeni. Ikiwa shida yako ni kuunganisha simu tu, tafuta kama redio ya zamani ina tundu la kuingizia sauti kwa waya, maana njia hiyo ni nafuu na safi. Vile vidude vinavyochomekwa kwenye tundu la kiberiti na kurusha sauti kwa FM vinasaidia, ila vinaipitisha kwenye njia ambayo haibebi masafa yaliyo juu ya hezi 15,000, yaani mitetemo 15,000 kwa sekunde, na yenye mvumo wake yenyewe, kwa hiyo spika nzuri itakusikilizisha mvumo huo vizuri zaidi.

Sasa tuufungue mlango. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, hakikisha unaijua namba ya siri ya redio kama redio yako ni ya aina inayoidai baada ya kukatiwa umeme, kisha legeza nati na uondoe waya hasi wa betri. Paneli ya ndani hushikwa na skrubu chache zilizofichwa nyuma ya kishikio na chini ya swichi za vioo, halafu klipu za plastiki kuzunguka ukingo wote. Tumia kabari ya plastiki na uvute karibu kabisa na kila klipu, kwa sababu bisibisi ya chuma hukwaruza rangi na kuvunja klipu. Nunua klipu kadhaa za akiba mapema, kwani zilizozeeka huvunjika hata kwa mkono mpole.

Ndani utakuta karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi, na nyuma yake bati lenye matundu makubwa ambayo mkono mzima unapita. Spika ya kiwandani ukiishika utashangazwa na wepesi wake: fremu ni ya plastiki, koni, ile sehemu inayosukuma hewa, ni karatasi nyembamba, na sumaku yake inafichwa na kiganja. Nilipoishika ya kwanza kwenye gari langu, nikaigeuza na kuibonyeza koni taratibu kwa vidole viwili, nilielewa kwa nini haikuwahi kutoa besi. Hata hivyo spika ni nusu ya tatizo, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha, kwa kununua spika ya gharama na kuifunga kwenye mlango uleule mtupu.

Koni inaposukuma hewa kwa mbele, wakati huohuo inaivuta kwa nyuma, kwa hiyo mawimbi yanayotoka pande hizo mbili ni kinyume. Sauti nyembamba haina shida na hilo, kwa sababu huenda mbele na kuendelea. Besi ni jambo jingine: wimbi la hezi 80 lina urefu wa zaidi ya mita 4, na wimbi la namna hiyo huzunguka kwa urahisi, hupitia kwenye yale matundu na kukutana na lenzake la mbele, nayo yakafutana. Nailoni haizuii chochote hapo. Ukiyaziba matundu na kuitenganisha kwa kweli mbele ya spika na nyuma yake, unapata besi ambayo spika ya bei mara mbili isingekupa. Hilo ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii, kwamba uboreshaji mkubwa kuliko wote unahitaji vifaa vya bei ndogo na mikono yenye subira.

Kinachotumika ni karatasi nene za mpira wa butili zenye foili ya alumini upande mmoja. Safisha bati kwa spiriti hadi kitambaa kitoke bila vumbi, bandika vipande vikubwa katikati ya bati la nje, kisha pitisha rola kwa nguvu mpaka michoro ya foili ilale. Si lazima kulifunika bati lote, kwa kuwa kazi ya kipande hicho ni kulizuia lisivume, na sehemu pana bapa ndizo zinazovuma. Matundu ya bati la ndani ndiyo yanayotaka kuzibwa kabisa. Yale makubwa yawekewe kwanza kipande cha plastiki ngumu au alumini, kisha butili juu yake. Usitumie lami ya kuezekea mapaa kwa tamaa ya unafuu, kwani jua likiupiga mlango lami hiyo hulainika, huteleza na kunuka. Usiyazibe matundu madogo ya chini kabisa ya mlango pia, kwa sababu maji ya mvua huingia kupitia ukingo wa kioo na hutokea hapo. Ikiwa umeiondoa nailoni, hakikisha butili yako imeichukua kazi yake ya kuzuia maji, la sivyo yataishia kwenye zulia. Shusha na kupandisha kioo mara kadhaa kabla ya kurudisha paneli.

Tahadhari moja naomba isirukwe. Baadhi ya magari ya kisasa yana kihisi cha shinikizo la hewa ndani ya mlango, na kihisi hicho ndicho kinachoamua kama mfuko wa hewa wa pembeni ufunguke wakati wa ajali. Kwenye gari la namna hiyo kuziba mlango kunaweza kubadilisha kile ambacho kihisi kinakisoma, kwa hiyo kitabu cha gari kisomwe kwanza, na ukikuta kihisi hicho, uache matundu kama yalivyo. Plagi za njano ni za mifuko ya hewa, zisiguswe.

Katika kuchagua spika, watu husoma wati, ilhali namba ya maana kwa redio isiyo na amplifaya ya nje ni usikivu wake, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa nguvu ileile, unaopimwa kwa desibeli. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuongezewa nguvu mara mbili, kwa maana kwamba spika ya desibeli 92 ikipewa wati 15 inalingana na ya desibeli 89 iliyopewa wati 30. Spika iliyoandikwa wati 300 yenye usikivu mdogo itanung'unika tu ikifungwa kwenye redio ya kiwandani. Pima pia kina cha nafasi, kioo kikiwa kimeshushwa hadi chini, maana sumaku kubwa inaweza kugusana na kioo, na hakikisha omu za spika mpya hazipungui zile za zamani. Twita (vispika vidogo vya sauti nyembamba) za kutenganishwa ni nzuri ikiwa gari lina nafasi yake karibu na kioo cha mbele. Kama halina, spika yenye twita katikati inatosha kabisa kwa kuanzia.

Pete ya kufungia spika inaweza kukatwa kwa plaiwudi na kupakwa vanishi pande zote. Ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa unavimba ukipata unyevu. Zungushia sponji mbele ya spika ili ibanane na paneli, sauti itokee ndani ya gari na isipotelee nyuma ya plastiki. Spika za nyuma ziache zilivyo, na uipeleke sauti mbele kidogo kwa kutumia redio.

Nyaya za kiwandani zisikatwe. Plagi ya kati inayoingiana na gari lako ni rahisi na inakuruhusu kurudisha kila kitu siku ya kuuza. Ikibidi kutambua waya chanya wa spika, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwa sekunde moja: koni ikiruka nje, waya ulioguswa na upande chanya wa betri ndio waya chanya wa spika. Spika moja ikifungwa kinyume, zote mbili zinacheza ila besi inatoweka na mwimbaji anaonekana hana mahali alipo, na wenye gari huishia kulaumu spika isiyo na kosa.

Fedha ikipatikana tena baadaye, ninapendekeza sabufa, yaani spika ya besi pekee, ndogo ya chini ya kiti iliyo na amplifaya yake ndani, ya aina inayopokea sauti kutoka kwenye nyaya za spika, ili redio ya kiwandani ibaki. Waya wake wa umeme utoke moja kwa moja kwenye betri na uwe na fyuzi ndani ya sentimita 45 za mwanzo, kwa sababu waya usio na fyuzi ukichubuka na kugusa bodi ya gari huwaka. Waya hasi uwe mfupi na ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Kabla ya kulipia waya, kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani ya ile rangi ya shaba, huo ni alumini iliyopakwa shaba, haupitishi umeme sawa na shaba halisi ya unene uleule, kwa hiyo uchukue mnene zaidi.

Marekebisho ya mwisho hayana gharama. Rudisha besi na sauti nyembamba kwenye sifuri, zima vitufe vya kuongeza besi, kisha ongeza sauti taratibu kwa wimbo unaoujua vizuri hadi usikie mkwaruzo wa kwanza. Alama iliyo chini kidogo ya hapo ndiyo kikomo cha redio yako. Kitu kikizidi, kipunguze hicho kuliko kuongeza vingine, kwa sababu kila ongezeko la besi linakula zile wati chache ulizonazo. Sabufa ikiwepo, weka kichujio chake cha kuachia besi tu karibu na hezi 80, keti kwenye kiti cha dereva milango ikiwa imefungwa, na umwombe mwenzako ageuze swichi yake ya kupindua mwelekeo wa wimbi kati ya 0 na 180. Upande mmoja besi itajaa na kusikika kana kwamba inatoka mbele, pamoja na mwimbaji. Iache swichi upande huo.