Siku ya kupunguza kivuli kwenye tangawizi ya miezi minne

Saa 12:30 asubuhi. Kazi huanza kwa kutazama majani kabla jua halijapanda. Tangawizi iliyojikunja majani saa hizi haionewi na jua. Ama udongo umekauka, ama mizizi inaoza, ama ni mnyauko bakteria. Tunakata shina karibu na udongo na kulitumbukiza kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukianza kushuka ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko, na kurekebisha kivuli hakutasaidia kitu. Mche huo unang'olewa pamoja na tunguu lake, yaani shina nene la chini ya udongo linalovunwa, na kutolewa nje ya shamba. Majani yanayojikunja saa sita mchana na kufunguka jioni ndiyo yanayolalamikia jua.

Saa 2. Sasa tunapita matuta yaliyo jirani na miti, na hapa ndipo wengi hukosea. Mche mrefu, mwembamba, unaolala, wenye majani mapana ya kijani kibichi na machipukizi machache, umekosa mwanga. Mche mfupi, wa njano, ulio hatua chache kutoka kwenye shina la mti, huo unapokonywa maji na chakula na mizizi ya mti. Ukimkatia huyu wa pili matawi ya mti hujamsaidia sana. Anahitaji mtaro wa upana wa sentimita 30 na kina cha 50 kati ya mti na tuta, mizizi yote inayokutwa humo ikatwe. Migomba ni mfano mzuri wa tatizo hili: kivuli chake kinafaa, lakini inapenda maji kama tangawizi yenyewe.

Saa 4. Kama umande bado uko kwenye majani, hewa haipiti. Kivuli cha wastani hupunguza madoa ya majani yanayoletwa na kuvu wa Phyllosticta, ambayo huzidi kwenye mashamba ya wazi. Kikizidi, udongo haukauki na tunguu huanza kuoza. Kwa hiyo matuta ya kivulini hayamwagiliwi kwa ratiba ya yale ya wazi. Chimbua kwa kidole hadi sentimita 5. Ukikuta unyevu, pita.

Kipimo cha kwanza cha kivuli hufanyika saa hizi hizi, kwa sababu kivuli cha mti hutembea. Wasio na kipima mwanga watumie shuka jeupe la mita moja kwa mita moja, lililochorwa miraba ya sentimita 10. Tandika juu ya tuta, hesabu miraba iliyofunikwa na kivuli. Miraba ni 100, hivyo hesabu yako tayari ni asilimia. Rudia sehemu kumi tofauti, kisha tena saa 6 na saa 8, utafute wastani.

Saa 6 mchana. Wenye kipima mwanga husoma sasa, kikiwa kwenye kimo cha majani. Nje jua likitoa luksi 90,000 na wastani chini ya miti ukawa 63,000, mwanga unaopita ni asilimia 70, kivuli ni 30. Subiri wingu lipite, au namba zitakudanganya. Chini ya neti ya kivuli shuka halifai, maana kivuli chake hakina mabaka. Soma asilimia aliyoandika mtengenezaji, na kumbuka vumbi huiongeza. Neti iliyofungwa chini sana hufungia joto. Mita 2 au zaidi ni salama.

Kivuli cha asilimia 25 hadi 30 kwa kawaida huifaa tangawizi. Kikipita 50, majani hupendeza na tunguu huwa dogo. Wanaosema tangawizi ni zao la kivuli wameishia katikati: pale penye maji ya uhakika, matandazo mazito na joto lisilo kali, shamba la wazi linaweza kuzaa vizuri tu.

Saa 8. Kipimajoto kinazamishwa sentimita 10 ndani ya udongo. Tuta tupu juani huweza kupita nyuzi 35, ilhali zao hili hustawi kati ya 25 na 30. Kabla ya kununua neti, ongeza matandazo kwanza, upime tena.

Saa 10 jioni. Kupogoa. Miezi mitatu ya mwanzo kivuli hulinda machipukizi machanga. Kuanzia mwezi wa nne au wa tano tunguu linanenepa, na chakula cha kulinenepesha hutengenezwa na majani yenye mwanga. Tunaondoa theluthi moja ya matawi, yale ya chini na ya katikati, halafu tunasubiri siku 10 hadi 14. Kufyeka yote kwa mkupuo ni kosa la gharama: majani yaliyokulia kivulini ni membamba, yataungua kingo na ncha. Mbaazi zilizopandwa katikati ya matuta hukatwa vilele tu. Majani yanayoanguka yanabaki kuwa matandazo. Usilipe upungufu wa mwanga kwa mbolea ya naitrojeni. Utapata majani zaidi, si tunguu.

Saa 11:30. Tunachimba miche mitatu kivulini na mitatu pembeni penye jua, yote ya tarehe moja na ya vipande vya mbegu vya uzito sawa, la sivyo ulinganisho hauna maana. Tunahesabu machipukizi, tunaosha tunguu, tunaacha maji yakauke, tunapima gramu. Mashimo yanafukiwa na matunguu ya jirani yaliyochungulia juu hufunikwa udongo. Panga na majembe yaliyogusa tuta lenye ugonjwa huoshwa kwa maji ya klorini kabla ya kuingia stoo.