Nilivyoipata picha ya Dash 7 Tanga

Shemeji yangu anaendesha Kosta ya kukodi. Jumatano usiku akanipigia: "Keshokutwa nina wageni wa Pangani, wanakuja na ndege yao ya kukodi kutoka Kenya. Nasikia ina mapangaboi manne." Nikamwuliza tena, manne? Manne, shemeji.

Anayeujua uwanja wetu ataelewa kwa nini sikulala. Sisi tumezoea Caravan: pangaboi moja puani, abiria kumi na kitu, inashuka, inapakia wa Pemba na Unguja, hiyo imekwenda. Ndege ya abiria ya mapangaboi manne, tena ya kutua kwenye njia fupi kama yetu, kichwani mwangu ilikuwa moja tu, Dash 7 ya de Havilland Canada. Zilitengenezwa 113 basi, kiwanda kikaacha 1988. Kutua pafupi ndiyo kazi yake. Hata uwanja wa London City, uliobanwa katikati ya mji, ulipofunguliwa 1987 ulianza na hizo.

Sasa ruhusa. Mwaka juzi, kwenye uwanja mmoja ambao siutaji, nilifutiwa kadi nzima ya kamera, na ndani yake mlikuwa na harusi ya watu. Bwana harusi hatusalimiani mpaka leo. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi nilikuwa mlangoni kwa meneja na barua ya ukurasa mmoja: jina langu, nakala ya kitambulisho, ndege ninayoitaka, saa, na kwamba sitapiga mnara, askari wala sehemu ya ukaguzi. Naamini hicho cha mwisho ndicho kilichonivusha. Akasoma, akacheka: "Yaani ndege tu?" Akanipa sehemu ya kusimama ndani ya uzio, na mlinzi wa kukaa nami.

Mlinzi mwenyewe mtu mzima. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akavuta ndoo akaikalia. Tulipokuwa tunangoja akanisimulia babake alivyokuwa akimbeba mabegani kuja kutazama Dakota za East African Airways, shirika lililokufa 1977. Kusi ilikuwa imekaza, ule mfuko wa upepo umenyooka kabisa, nikajua ndege itaukabili upepo na itatokea upande gani. Jua nikalipa mgongo.

Saa nne kasorobo tukaisikia. Haingurumi, inavuma kwa uzito, kama mzinga wa nyuki uliotikiswa, maana mapangaboi yake ni makubwa na yanazunguka polepole. Ikachomoza juu ya minazi, pua chini, ikashuka kwa mteremko mkali kama kunguru aliyeona kipande cha samaki. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma.

Mzee akaomba kuona. Akatazama kioo cha kamera kwa muda, kisha akaniuliza kwa huruma: "Mwanangu, hii ilizimika hewani?"

Nilitaka kulia. Shata, yaani ule muda kamera inaofumbua jicho, ilikuwa kwenye 1/1000 ya sekunde, kama nilivyoiacha Jumapili kwenye mechi Mkwakwani. Kwa mpira ni sawa. Kwa ndege ya pangaboi, majani yote kumi na sita yalikuwa yameganda, unaweza kuyahesabu moja moja.

Shemeji akaondoka na wageni wake. Rubani akasema atakaa kama saa moja. Nikashusha shata hadi 1/80, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, tundu la lenzi nikalibana hadi 16 ili picha isiungue. Kisha nikajizoeza kwa baiskeli zinazopita barabarani nje ya uzio, na Tanga baiskeli hazikosekani. Miguu haisogei, kiuno ndicho kinachozunguka, jicho halimwachi mwendeshaji. Sura yake ikitulia na spoku zikipotea, umepatia. Ilinichukua baiskeli kama ishirini.

Ilipowasha injini, saa tano ilikuwa imepita na lami imeanza kutetemeka kwa joto. Ilipokuwa mbali sikuipiga kabisa, maana ule mvuke unaipinda ndege kama iko chini ya maji. Nikaisubiri inifikie, nikakaza jicho kwenye dirisha la rubani, nikageuka nayo. Picha arobaini na sita. Tatu ndizo zilizofaa, na katika moja mapangaboi yamekuwa visahani vinne vya moshi, huku kila ribiti ubavuni inaonekana. (Kubana tundu kuna gharama yake: kila chembe ya vumbi kwenye sensa, kile kibao cha ndani kinachonasa picha, ilitokea angani kama nzi. Nilikesha nikizifuta kwenye kompyuta.)

Wiki iliyofuata nilimpelekea mzee ile nzuri, nimeisafisha kwa karatasi kubwa. Akaishukuru, akaitazama, akanirudishia.

"Hii nimeipenda, lakini nisafishie ile iliyozimika. Wajukuu wangu hawatoki kitandani bila hadithi."