Nilivyojifunza kupiga picha na kuhariri sura zetu kwenye jua la Dar

Chuoni kwetu wanafunzi tulikuwa wengi kuliko kamera. Zamu yako ikifika unampiga picha mwenzako aliyeegemea ukuta, unairudisha kamera, basi. Nikaona kwa mwendo ule ningemaliza stashahada nikijua majina ya vitufe tu. Nikamfuata kaka mmoja wa Sinza anayepiga picha za harusi, nikamwambia nitambebea stendi na taa kila Jumamosi, pesa sitaki, ila aniazime kamera katikati ya wiki. Alicheka, akakubali. Nani anafunga ndoa Jumanne?

Uwanja wangu wa mazoezi ukawa Feri, soko la samaki pale Magogoni. Ukiweza kupiga picha pale saa tano asubuhi, utapiga popote. Bahari inametameta nyuma, mabati yanarudisha mwanga, moshi wa kukaangia unapita mbele ya lenzi, na katikati ya vurugu hiyo kuna uso mweusi unaotakiwa kuonekana. Dar iko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linawahi kupanda utosini na kivuli cha paji kinafunika macho.

Mkaanga samaki mmoja nilimwamkia, nikamweleza kwamba picha ni za chuo.

“Marahaba mwanangu. Piga, ila usinitoe kama mkaa. Juzi mwenzio kanitoa meno tu.”

Alikuwa amelieleza tatizo vizuri kuliko kitabu chetu. Kamera ukiiachia ijiamulie, inataka picha nzima iwe na wastani wa kijivu. Ikiona bahari nyeupe nyuma ya mtu, inapunguza mwanga, na uso unazama. Kwa hiyo nikaacha kuiachia kamera ipime mandhari yote, nikawa napima shavu la mtu peke yake, au naongeza stopu moja hadi moja na nusu (kila stopu ni kuzidisha mwanga mara mbili), bahari ikiungua ikawa nyeupe tupu na iungue. Dawa bora zaidi ilikuwa miguu yangu. Sikumsogeza mama, maana yuko kazini na mafuta yanachemka. Nilizunguka mimi mpaka nyuma yake kukawa na ukuta wa banda wenye kivuli. Mwanga wa upande ulio wazi ukatua shavuni na kwenye jasho la paji, na ngozi ikatoa ule wekundu wake wa chini ambao picha nyingi huupoteza.

Video ina masharti yake. Umeme wetu ni wa hertz 50, na tyubulaiti za kizamani huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kamera niliyoazima ilikuwa imepangwa fremu 30 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, ya sekunde 1/60, na mahojiano ya ndani yakawa yanapepesa. Nikaihamishia PAL, mpangilio wa video wa nchi za hertz 50, fremu 25, shata 1/50, ikatulia. Lakini toka nje na 1/50 hiyohiyo, hata kwa ISO 100 (usikivu mdogo wa kamera kwa mwanga), jua kali linakudai tundu dogo sana la lenzi, f/22, na kila kitu kinaonekana makali mpaka debe la taka lililoko nyuma. Hapo ndipo kichujio cha ND kinapohitajika, ambacho kwa lenzi ni kama miwani ya jua. ND8 hupitisha sehemu moja ya nane ya mwanga, hivyo tundu linafunguka kutoka f/22 hadi f/8. Kama una pesa ya kitu kimoja tu baada ya kamera, nunua hicho kabla ya begi zuri. Pesa ikibaki, ongeza maikrofoni ya kubana shatini, kwa sababu Feri kuna kelele.

Kuhariri nilikuanzia kwenye picha za RAW, yaani faili ghafi la kamera. JPEG, picha ya kawaida iliyobanwa, ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi; RAW ya biti 14 ina 16,384, ndiyo maana uso uliozama kidogo unaweza kuupandisha usitoke na chembechembe kama vumbi. Napandisha mwanga wa kati kwenye uso peke yake, nyeupe siigusi. Video ya kamera za kawaida ni biti 8, ngazi 256 zilezile, haina huruma hiyo: ulichokosea sokoni utakaa nacho.

Video nahariri kwa programu ya DaVinci Resolve, toleo la bure. Laptopu yangu ni dhaifu, kwa hiyo natengeneza kwanza nakala nyepesi za faili, nakata hizo, faili zenyewe zinaingia wakati wa kutoa kazi. Humo kuna kipimo cha rangi chenye mstari wa ngozi, na jambo lililonifurahisha ni kwamba ngozi za watu wote, weusi kwa weupe, huangukia karibu na mstari huohuo. Tunachotofautiana zaidi ni kiasi cha mwanga. Tangu hapo nimekuwa mkali kwa mtindo wa kung'arisha sura mpaka mtu anafanana na sanamu ya dukani. Kwenye habari ni uongo mtupu, hata mhusika akikubali.

Kwenye harusi ni mjadala mwingine. Maharusi wengine wanakuja na picha ya mfano kwenye simu, “nitoe hivi.” Nawaonyesha kwanza walivyotoka wenyewe, uso umepimwa sawasawa. Wengi wanaridhika. Wasioridhika nawarudisha kwa kaka wa Sinza, yeye na mteja hawagombani.