Homa ya Kalemie niliyoipima Geneva

Jamani Geneva ni ghali. Naanza na hilo manake ndo kitu cha kwanza kilichonipiga, kikombe cha chai, maji ya moto na kile kipakiti cha kuchovya, franki 5, kama elfu kumi na tano ya kwetu, na Kasulu kwa hela hiyo nakunywa chai na chapati karibu wiki nzima. Posho tuliyopewa nilipoihesabu Dar niliona nyingi kabisa, nikawa tayari nimeshapanga bati za kumalizia jiko la mama. Siku ya pili pale nikaanza kula mkate na ndizi chumbani.

Mimi ni mratibu wa malaria wa wilaya, mkoa wa Kigoma, mwaka wa kumi na moja sasa. Nilialikwa kwenye mkutano wa wadau wa kutokomeza malaria, nikapewa dakika saba za kueleza jinsi vipimo vinavyoisha kwenye zahanati zetu. Dakika saba nimejiandaa miezi miwili. Safari yenyewe, Kigoma mpaka Dar, Dar mpaka Addis, siielezi, ni kukaa na kusubiri tu. Ila pale Addis kwenye foleni ya ukaguzi nikasikia nyuma yangu mtu anaongea na simu, "niko Addis tu, ndege inaenda usiku, musihangaike," nikageuka hapohapo. Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa kile, mtu wa Kigoma huwezi kukikosea.

Kumbe ni muuguzi wa Kalemie, Kongo, anakwenda mkutano uleule, na kwenye karatasi za hoteli tumepangiwa chumba kimoja. Tukacheka sana. Yaani kwetu na kwao katikati ni Ziwa Tanganyika basi, maboti ya mizigo yanatoka Kigoma yanakwenda Kalemie, dagaa wetu na wao ni walewale, wagonjwa wa kwao wanafika kwangu, maana kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo wilayani kwetu na imejaa Wakongo tangu 1996. Kazi yake na yangu ni moja. Na hatujawahi kukaa meza moja mpaka kila mmoja kapanda ndege kwenda Ulaya. Hilo liliniuma tangu pale Addis na linaniuma mpaka leo.

Akaanza kuniita yaya. Kwetu yaya ni mlea watoto, kwao ni dada mkubwa, na nilipolizoea nikalipenda.

Sasa usiku wa pili. Saa tano hivi naamka nasikia kitanda cha mwenzangu kinatetemeka. Nikawasha taa, kajikunyata chini ya mablanketi mawili na koti lake juu, meno yanagongana. "Yaya, niko na baridi mingi. Kichwa inaniuma, viungo vyote inaniuma." Nje ilikuwa Februari, barafu barabarani, angeweza mtu akasema ni baridi ya nchi. Nikaweka mkono shingoni, moto. Huo moto naujua, nimelea watoto wanne na nimeshika vichwa vya watoto wa watu wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Teksi mpaka kituo cha afya cha karibu franki 28, dakika nane tu za gari. Kituo sikitaji. Tulikaa kwenye viti karibu saa tatu nzima. Wako wapole, wana maji safi, wana blanketi, lakini foleni ni foleni. Daktari alipokuja ni kijana, ana adabu, akauliza maswali kwa Kifaransa, na mgonjwa mwenyewe ndo ikabidi ajibu na kunitafsiria mimi huku anatetemeka, manake Kifaransa sina. Akasema ni homa ya mafua, msimu wake huu, apewe paracetamol na maji arudi hotelini alale. Nikamwambia mwenzangu, mwambie apime malaria. Daktari akasema sawa, wanaweza kuchukua damu lakini maabara inayosoma malaria iko sehemu nyingine, majibu labda saa nne au tano tena.

Hapo nikafungua begi.

Nilikuwa nimebeba vipimo sita vya mRDT, vile vya haraka vya malaria, vya kuonyesha mkutanoni, na kichupa chake cha dawa ya matone, sababu nilitaka watu waone kwa macho kitu ninachokiongelea. Nikamweleza daktari mimi ni nani, nikamwonyesha kitambulisho cha kazi. Aliangalia kidogo, akaita mwenzake, wakaongea, halafu akasogeza trei akasema fanya, na damu ya maabara atatoa vilevile.

Nikavaa glavu zao. Kidole cha nne, mkono wa kushoto, nikakifuta kwa spiriti nikasubiri kikauke, nikachoma pembeni ya ncha siyo katikati, tone likatoka jeusijeusi. Nikalivuta kwa kile kimrija, nikaliweka kwenye kitundu cha mraba, matone ya dawa kwenye kitundu cha duara, nikaandika saa juu ya kipimo, saa tisa na dakika nane usiku. Damu ikaanza kupanda kwenye ule utepe kama maji ya chai kwenye andazi. Daktari kavuta kiti kakaa, hakuondoka. Mstari wa C, ule wa kuonyesha kipimo kinafanya kazi, ukatokea. Dakika ya sita, ya saba, ukaanza kuonekana mwingine, hafifu kama umechorwa na penseli, ukazidi kuiva, na kufika dakika kumi na tano mistari miwili imekaa, yaani malaria ipo, mtoto wa darasa la kwanza angeisoma.

Mwenzangu akaangalia akasema taratibu, "Njo hii. Nilijua."

Nisiseme uongo, niliona fahari. Lakini palepale nikasikia uchungu, sababu kipimo kile hakifiki hata dola moja, kinasomwa kwa dakika kumi na tano na mhudumu wa zahanati isiyo na umeme, na Novemba iliyopita nilikuwa na zahanati tatu hazina hata kimoja, mama analeta mtoto anaambiwa arudi keshokutwa. Kule tuna watu wanaojua na hatuna kifaa, huku wana kila kifaa na huo ugonjwa hawauoni isipokuwa kwa msafiri mmojammoja.

Maabara ilileta majibu kumekucha, hadubini ikasema yaleyale, falsiparamu, vile vimelea vya malaria kali. Akapewa dawa na akalazwa mpaka kesho yake. Boksi la dawa limeandikwa Riamet, mimi nikaligeuza nikasoma ndani, artemetha na lumefantrini, dawa mseto yetu ileile, vidonge vinne asubuhi vinne jioni siku tatu. Kampuni ni Novartis ya Basel, hapohapo Uswisi, kwetu inakuja kwa jina la Coartem. Mwaka jana, 2025, mamlaka ya dawa ya Uswisi imepitisha ile ya watoto wachanga wa kuanzia kilo 2 mpaka chini ya kilo 5, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi nane za Afrika zilizoshiriki kuikagua. Hilo liliwahi kunifurahisha nilipolisoma na lilinifurahisha tena pale kitandani.

Bili franki 710. Waandaaji walisema bima itarudisha, mpaka naandika haijarudisha, tulichangishana Waafrika wote mkutanoni.

Dakika zangu saba zilipita nikiwa kwenye kiti cha wodi. Mkutano wenyewe siku zilizobaki sina cha kusimulia, ni picha ukutani na chakula cha mchana cha baridi. Ila nilipokuwa nimekaa pale wodini nilifikiria sana haya mambo ya kuongoza. Ushirikiano wa kimataifa dhidi ya malaria, Roll Back Malaria, ulianzishwa 1998 na WHO, UNICEF, UNDP na Benki ya Dunia, makao yake hapohapo Geneva. Daktari wetu Winnie Mpanju-Shumbusho amewahi kuwa mwenyekiti wa bodi yake, Mzee Kikwete ndo alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa umoja wa marais wa Afrika dhidi ya malaria, ALMA, 2009. Siyo kwamba hatujawahi kushika usukani. Na kazi imeonekana, 2008 kati ya kila watoto wetu mia moja, 18 walikutwa na vimelea, 2022 walikuwa 8. Mimi nilishuhudia wodi ya watoto ikipungua kulala wawiliwawili.

Lakini 2023 dunia nzima walikufa watu 597,000, na zaidi ya nusu yao wametoka nchi nne tu, Nigeria, Kongo, Niger na Tanzania. Kongo na Tanzania! Mimi na huyu aliyelala hapa na dripu mkononi. Halafu hela ndo zinakauka, Wamarekani walisimamisha misaada Januari 2025, Mfuko wa Dunia wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria uliomba dola bilioni 18 ukaahidiwa 11 na ushee. Ninavyoona mimi, hela ikipungua hivi ndo tunatakiwa kujuana sisi wa mipakani kwanza, bila kusubiri tualikwe Ulaya. Mtu anayeongoza vita hii awe amekaa karibu na kitanda kinachotetemeka, au basi awe anapokea simu ya aliyekaa karibu nacho. Mimi sihitaji kiongozi anijie Kasulu kila mwezi. Nahitaji nijue wiki hii Kalemie wamepima wangapi na wangapi wana malaria, kabla boti halijashusha watu.

Hilo nikamwambia mwenzangu alipopata nguvu, kaegemea mto anakula yogati. Akasema, "Yaya, si tufanye tu? Mimi kila siku ya posho naandika rapoti. Nikutumie na wewe." Siku ya posho ni Jumamosi kwao. Tukafungua hapohapo grupu la watu wawili, baadaye tukamwingiza na mtu wa Uvira na mwingine wa Bujumbura ambao walikuwa mkutanoni.

Tumerudi. Nilimletea mama chokoleti badala ya bati, hakuipenda. Jumamosi ya kwanza ujumbe ukaingia saa mbili usiku, namba zimepangwa vizuri kabisa, waliopimwa, wenye malaria, chini ya miaka mitano. Ya pili ikaingia. Ya tatu, juzi, ilikuwa na maneno chini yake: "Yaya, homa inapanda huku, watoto wengi. Mujitayarishe."

Jumapili nimeshinda stoo ya wilaya nahesabu. Maboksi kumi na nne ya vipimo 25 kila moja. Nimeandika maombi mkoani, nimepeleka manne zahanati ya karibu na kambi, na simu ya mkoa nimeipiga mara tatu leo.