Benchi lenye ufa

Baba yangu amefanya useremala Keko, Dar es Salaam, tangu sijazaliwa. Kwake ubao wenye ufa ulikuwa na dawa moja: unga wa mninga unakorogwa na gundi, unasindiliwa mpaka ufa ujae, unapita msasa, unamalizia na vanishi. Mteja haoni kitu. Nimekua nikiikoroga dawa hiyo kwenye kopo la Blue Band.

Kwa hiyo nilipofika New Hope, Pennsylvania, Marekani, na kusimama mbele ya benchi la George Nakashima, fundi samani Mmarekani mwenye asili ya Japani, macho yalikimbilia ufa. Ulianzia mwisho wa ubao ukaingia ndani kama urefu wa dhiraa. Hakuna aliyeuziba. Ulikuwa umevukwa na vipande viwili vya mbao vilivyochongwa mfano wa kipepeo. Nilipiga magoti nikapitisha ukucha pale kipepeo kinapokutana na ubao. Haukukwama popote.

Kipepeo si pambo. Ubao hunywa unyevu wa hewa ukatanuka, hewa ikikauka unasinyaa, na kutanuka huko huenda zaidi kwa upana kuliko kwa urefu wa nyuzi. Ufa ukitaka kufunguka, mabawa mapana ya kipepeo yanaugomea. Dawa ya baba iliuficha ufa, haikuuzuia, na ndiyo maana wateja wengine walirudi na meza zao.

Benchi hilo linaitwa Conoid, la mwanzoni mwa miaka ya 1960. Limechukua jina la karakana aliyoijenga hapo hapo, yenye paa la zege lililopinda kama gamba la chaza. Kikalio ni gogo la wolnati nyeusi lililopasuliwa ubao mmoja mnene, ukingo wake ukaachwa na mawimbi yale yale yaliyokuwa chini ya gome. Mgongo ni fito nyembamba za mti wa hikori zilizosimama safu. Wazo la fito hizo limetoka kwenye viti vya Windsor, vya Waingereza, ambavyo walowezi walihamia navyo Marekani. Ufundi wa kuunganisha ni wa Japani.

Nakashima alizaliwa Spokane mwaka 1905, akasomea usanifu wa majengo, akafanya kazi Tokyo na Pondicherry, India. Lakini mkono wake ulinolewa kambini. Mwaka 1942, Marekani ilipowafungia raia wake wenye asili ya Japani, alipelekwa Minidoka, Idaho, pamoja na mkewe na binti yao mchanga. Humo alimkuta seremala aliyefunzwa Japani, na yeye, msanifu mwenye shahada zake, akawa mwanagenzi. Walichonga masalio ya mbao za ujenzi na vichaka vya jangwani. Mwaka uliofuata Antonin Raymond, msanifu aliyewahi kumwajiri Tokyo, alimdhamini akatoka, akampokea shambani kwake New Hope.

Nadhani heshima yake kwa ubao wenye dosari ilianzia huko. Aliyejifunza kwa mbao za kuokoteza hatupi gogo kwa sababu limepasuka.

Benchi la mbunifu wa Kimarekani George Nelson la mwaka 1946, lile la vibao vilivyopangwa kwa nafasi sawa, nalo nalipenda sana. Lakini lile kiwanda kinaweza kutoa mia yakafanana. La Nakashima halina pacha, maana hakuna miti miwili iliyopasuka sawasawa.

Kesho yake asubuhi nilimtumia baba picha, kisha nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sasa mbona wamekiacha kidonda wazi?"

Nikamweleza habari ya kipepeo. Alinyamaza, nikasikia randa ya mtu ikikwaruza nyuma yake. Tukaagana. Usiku wa manane kwake ukaingia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, hicho kipepeo kimezama kiasi gani? Kimetokea upande wa pili au kimeishia katikati?"

Sikuwa nimechungulia chini ya benchi. Nitarudi na tochi.