Kupanga Nyumba Nakuru: Anza na Miguu, Dipoziti Baadaye

Matangazo ya nyumba Nakuru yana ugonjwa mmoja: "dakika tano kutoka lami." Dakika tano za nini? Mara nyingi ni za bodaboda, tena barabara ikiwa kavu. Mtu mzima asiye na mzigo hutembea takriban mita 80 kwa dakika, kwa hiyo dakika tano za miguu ni mita 400, basi. Pima kwa ramani ya simu kabla hujaenda kutazama. Ikikuonyesha kilomita moja na nusu, hizo ni dakika 20, na ukiwa umebeba viazi huku umeshika mtoto mkono, hesabu 30.

Wengi huumizwa na nauli wasiyoihesabu. Chukua mfano: nyumba ya Lanet au Kiamunyi, mitaa ya mbali na mji, ni 11,000 kwa mwezi, na ya aina hiyo hiyo Section 58, mtaa ulio karibu zaidi na mji, ni 14,000. Tofauti ni 3,000, na macho hukimbilia ile ya 11,000. Sasa weka watu wawili wanaofanya kazi mjini, kila mmoja shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, siku 26. Hiyo ni 5,200. Mvua ikinyesha nauli inapanda, na bado hujalipa boda ya kutoka stegi hadi mlangoni. Weka nauli za njia yako mwenyewe mahali pa hizi za mfano. Ukiwa peke yako na unaenda mjini siku tatu kwa wiki, huenda ile ya mbali ikashinda. Mkiwa wawili wa kila siku, mara nyingi inashindwa.

Kuna jambo la pili ambalo ramani haisemi wazi: Nakuru imelala kwenye mteremko. Kaskazini kuna Menengai yenye mita 2,278 kileleni, kusini kuna ziwa lililo karibu mita 1,760, na mji uko katikati. Ukikaa Milimani, mtaa wa juu kwenye mteremko huo, asubuhi unateremka kwenda kazini ukiwa na nguvu, jioni unapanda ukiwa na njaa na mfuko wa unga. Anayetembea kwenda mashariki au magharibi, yaani bila kupanda wala kuteremka mteremko, huchoka kidogo kwa umbali ule ule. Tena barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Eldoret inapasua mji, na reli nayo iko. Ndiyo maana swali la kwanza kuhusu mtaa wowote ni hili: je, nitavuka barabara kuu, na nitavukia wapi? Nyumba iliyo mita 700 kutoka kazini lakini daraja la miguu au kivuko cha maana kiko mbali inakuwa ya kilomita moja na nusu, au inakuwa ya kukimbia katikati ya malori kila siku. Mimi nisingelipia hiyo hata ikiwa na vigae ukutani.

Bondeni na Flamingo ziko karibu kabisa na katikati ya mji na ni rahisi kutembea. Tahadhari moja tu: nyumba za zamani za kaunti hutolewa na kaunti. Ajenti anayekuuzia ufunguo wa nyumba ya kaunti anakuuzia kesi.

Tembea njia mara tatu kabla ya kulipa chochote. Ya kwanza ni asubuhi kati ya saa kumi na mbili na saa moja, uone kama kuna watu njiani au uko peke yako na mbwa. Ya pili ni baada ya mvua. Udongo wa hapa ni majivu ya volkano: hunywa maji upesi kuliko ule mweusi wa mfinyanzi, lakini unachimbika vibaya, mitaro inapanuka, na mvua kubwa ikipiga mashimo hufunguka mahali palipokuwa njia jana. Kiangazi cha Desemba hadi Februari udongo huo huo unakuwa vumbi jepesi linaloingia chini ya mlango. Nyumba iliyo kando ya barabara isiyo na lami, ghorofa ya chini, itakupangusisha meza mara mbili kwa siku. Ya tatu ni saa moja unusu usiku. Hapa karibu na ikweta jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo kila anayefunga kazi saa kumi na moja na kununua mboga kwanza anarudi gizani. Hesabu taa za barabarani zinazowaka. Zilizosimamishwa tu usizihesabu.

Wakati huo wa usiku chunguza vichochoro pia. Mitaa mingi ina njia za mkato zinazopita katikati ya ploti, na mchana zinaonekana kama neema. Kisha unakuta wakazi wameweka geti linalofungwa saa nne, au mbili kwa wale waoga, na njia yako ya mita 600 inazunguka hadi kilomita moja na zaidi. Muulize mwenye kioski jirani, si ajenti: "Hili geti hufungwa saa ngapi?" Akisita, ujue geti hilo halina saa maalumu.

Mtaa wa kutembea ni ule unaokuwezesha kumaliza haja za siku bila kupanda kitu. Ndani ya mita 400 tafuta mama mboga, duka lenye maziwa na tokeni za umeme, kinyozi au msusi, na mahali pa kubadilisha mtungi wa gesi. Mtungi wa kilo 6 ukiwa umejaa una uzito wa zaidi ya kilo 12 pamoja na chuma chake, na mtu hubeba huo mita 300 kwa kupumzika, hawezi kilomita. Ndani ya kilomita moja tafuta kliniki, shule kama una watoto, na stegi. Soko kubwa kama Wakulima unaweza kwenda mara moja kwa wiki. Si lazima liwe mlangoni, na aliye jirani na soko anajua kwa nini.

Upande wa mtaa wa London, kumbuka jaa la taka la Gioto liko juu kwenye mteremko wa Menengai. Simama dirishani jioni uone upepo unaleta nini. Upande wa Mwariki, karibu na ziwa, uliza maji yaliishia wapi ziwa lilipopanda.

Maji ndiyo sura nzima ya kupanga Nakuru. Usiulize kama yapo. Kila mwenye nyumba atasema yapo. Uliza ya bomba la kampuni ya maji huja siku gani, tangi ni la lita ngapi, na linagawanywa kwa nyumba ngapi. Ploti ya nyumba 10 zenye watu wanne wanne, kila mtu akitumia lita 50, inamaliza lita 2,000 kwa siku. Tangi la lita 5,000 litawatosha siku mbili na nusu. Kama mgao ni mara moja kwa wiki, siku nne na nusu zilizobaki mtanunua maji ya mkokoteni. Nenda juu uangalie kama tangi liko kwenye mnara au limekaa tu juu ya paa. Kila mita moja ya kimo hutoa shinikizo la takriban baa 0.1, na aliye ghorofa ya mwisho chini ya tangi lililo mita mbili tu juu ya shawa atapata matone. Fungua mifereji yote ya nyumba kwa pamoja, kisha vuta maji ya choo. Ikiwa shawa inakatika, hivyo ndivyo itakavyokuwa kila asubuhi.

Halafu kuna maji ya kisima kirefu, yale watu huita boho. Katika Bonde la Ufa maji ya chini ya ardhi hupita kwenye miamba ya volkano na kuyeyusha floraidi, na visima vingi vya Nakuru huwa nayo kupita kiwango kinachokubalika cha miligramu 1.5 kwa lita. Huioni wala huionji. Inayoonekana ni meno ya watoto, kahawia na yenye madoa, kwa sababu floraidi huharibu jino likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi. Mtoto wa chini ya miaka minane ndiye yuko hatarini zaidi. Kuchemsha hakusaidii. Kunazidisha, maana maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki. Kichujio cha kawaida cha mchanga au cha mkaa wa kuni hakiiondoi pia. Mkaa wa mifupa huiondoa, nao hushiba na kuhitaji kubadilishwa. Kwa mpangaji njia nyepesi ni kutenganisha: maji ya boho kwa kuoga, kufua na choo; maji mengine kwa kunywa, chai na kupika. Familia ya watu wanne inahitaji kama lita 12 kwa siku kwa hayo ya pili, kwa hiyo mtungi wa lita 20 haufiki siku mbili. Ongeza gharama hiyo kwenye kodi unapolinganisha nyumba. Maji ya mvua ya paa la mabati yana floraidi kidogo sana. Acha mvua ya kwanza baada ya kiangazi ioshe vumbi na vinyesi vya ndege kabla hujaanza kukinga.

Boho yenye chumvi pia hula kifaa cha kupashia maji kwenye shawa ya umeme. Zipo shawa zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, na tofauti ya bei hurudi haraka. Na kwa kuwa Juni na Julai asubuhi za Nakuru zinashuka hadi karibu nyuzi 10, shawa utaitaka. Tazama waya wake kabla ya kuifurahia. Shawa ya wati 5,000 huvuta takriban ampea 21. Inahitaji waya wake peke yake, wa milimita 4 za mraba au 6, pamoja na swichi yake kwenye boksi la umeme. Iliyounganishwa na waya mwembamba wa soketi huyeyusha plastiki polepole, na dalili ya kwanza ni harufu kama ya samaki kwenye swichi. Ukisikia hiyo unapotazama nyumba, omba irekebishwe kwa maandishi kabla ya kulipa.

Kuhusu mita ya umeme: yako mwenyewe ni bora, ya kushiriki ni ugomvi. Sababu si uchoyo wa majirani tu. Bei ya umeme wa nyumbani inategemea daraja la matumizi, hadi uniti 30 kwa mwezi, hadi 100, na kupita hapo. Nyumba sita kwenye mita moja zinavuka 100 hata kama kila moja inatumia 25, na wote mnalipa bei ya daraja la juu. Kama ploti ina mita ndogo za mwenye nyumba, nunua tokeni ya shilingi 100 ukiwa na jirani aliyehamia zamani, mgawanye kwa uniti zilizotoka, ndipo ujue anakuuzia uniti kwa bei gani. Kwa mita ya Kenya Power ya kulipia kabla, nambari ya malipo ni 888880. Jaribu kununua kiasi kidogo mbele ya mwenye nyumba. Deni la aliyeondoka hujitokeza hapo hapo, uniti zinapokuja chache au zisipokuja.

Pesa za kuingia ni kodi ya mwezi wa kwanza, dipoziti ya mwezi mmoja, na mara nyingi dipoziti ndogo ya maji. Ada ya kutazama nyumba ni ya kukataa, au ya kukatwa kwenye kodi ukichukua. Usitume pesa kwa nambari ya simu ya ajenti. Tuma kwa akaunti yenye jina lililo kwenye mkataba, na uongee na mpangaji mmoja anayemjua mwenye nyumba kwa sura. Ujanja wa kawaida ni ajenti mwenye ufunguo wa nyumba tupu aliyeuazima kwa mtunza ploti, akawapangisha watu watatu siku moja.

Mkataba soma mambo mawili: notisi na rangi. Upangaji wa mwezi kwa mwezi usio na muda maalumu hukatwa kwa notisi ya mwezi mmoja, kwa pande zote mbili. Rangi ni mahali dipoziti huzikwa, "kupaka upya" ikikatwa nzima hata kama ulikaa miezi mitatu. Andikeni kiasi, au andikeni kwamba uchakavu wa kawaida haukatwi. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296, inahusu nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, kwa hiyo wengi wenu haiwafikii. Hata hivyo mwenye nyumba haruhusiwi kubeba vitu vyako mwenyewe kwa sababu ya kodi. Hiyo ni kazi ya mpiga mnada mwenye leseni. Dipoziti isiporudi, Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kusimama bila wakili.

Itakayokusaidia hapo ni karatasi. Siku ya kuingia piga picha kila ukuta, sinki, kioo cha dirisha, kitasa, na namba ya mita ya maji, umtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki. Siku ya kutoka soma mita pamoja na mtunza ploti, piga picha zile zile kwa mpangilio ule ule, na ufunguo ukabidhi mbele ya mtu wa tatu.