Kutoka Mombasa kwenda Dubai: kodi si ya mwezi

Wengi wakipewa mshahara wa dirham huzidisha kwa shilingi, wakaona wametajirika. Hesabu hiyo haifai kitu. Anza na nyumba.

Hapa Kisauni au Tudor unalipa kodi kila mwezi na dipoziti kidogo. Dubai kodi hutajwa kwa mwaka, na kwa kawaida hulipwa kwa hundi, mara nyingi moja hadi nne. Tuseme nyumba ni dirham 40,000 kwa hundi nne. Siku ya kuingia unatoa 10,000 za hundi ya kwanza, dipoziti ya asilimia 5 (2,000, ikiwa na fanicha ni asilimia 10), dalali kama 2,000, na dipoziti ya DEWA (mamlaka ya umeme na maji ya Dubai) 2,000. Hizo ni 16,000 kabla hujanunua hata godoro, na mkataba bado kusajiliwa Ejari, mfumo wa serikali wa kusajili mikataba ya kupanga.

Kinachowanasa watu ni ada ya nyumba: asilimia 5 ya kodi ya mwaka, hugawanywa na kutiwa kwenye bili ya DEWA, hapa takriban dirham 167 kila mwezi. Aliyezoea kununua tokeni za stima kidogokidogo hushtuka. Uliza pia baridi ya eyasii (AC) inalipwa na nani, wewe au mwenye nyumba. Joto la Agosti kule si la kuzima mashine.

Mshahara haukatwi kodi ya mapato, kweli. Lakini dirham imefungwa kwa dola ya Marekani, dirham 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo shilingi ikipanda, pesa unazotuma nyumbani hupungua.